Mla ni Mla Leo: Je, Tecno Bado Yabuni?



Kabla mwalimu wa zamu hajanishuku, natangaza mapema kwamba makala haya sikuyaandika kwa simu. Sheria ya shule naijua vyema, na simu yangu imefungiwa kabatini nyumbani Kibokoni, mama ndiye askari wake. Lakini asiye na simu mkononi hakatazwi kuiwaza kichwani, na kuna swali limekuwa likinikereketa kwa muda. Je, kampuni ya Tecno, ambayo simu zake zimetapakaa mikononi mwa jamaa zetu kuanzia Mji wa Kale hadi Kongowea, bado inabuni? Ama imekaa kitako inakula sifa za jana?

Tulipolizungumza swali hili chamani, wenzangu walitengana mafungu mawili. Fungu la kwanza lilishikilia kwamba Tecno ni mabingwa, kwani kila mwaka hutoa simu mpya. La pili likaangua kicheko: "Upya gani? Rangi mpya na jicho jingine la kamera mgongoni, basi!" Mimi sikuridhika na upande wowote. Hawa wanahesabu simu, wale wanahesabu macho ya kamera, na hakuna aliyeuliza simu hiyo yamwondolea nani shida gani. Maoni yangu ni haya: Tecno ilitupata kwa sababu ilitutazama sisi, na siku hizi inawatazama zaidi washindani wake. Inabuni, naam, lakini macho yake yameanza kutoka kwetu. Nisikizeni kwanza, kisha mnihukumu.

Ili tuelewane, tupite kwanza Biashara Street, kule ambako kila mmoja wetu amewahi kufuatana na mamake au shangazi yake kununua leso. Pana duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, na leso zake zajulikana pwani nzima kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Sasa fikiri: kwa miaka mingi leso hizo hazikuchapwa Mombasa. Zilichapwa ng'ambo, huko Ulaya, Bara Hindi na Japani. Basi ubunifu wake ulikuwa wapi? Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 mama zetu wa pwani walinunua vitambaa vidogo vilivyoitwa leso, wakavishona pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakajipatia vazi. Wafanyabiashara walipoona hivyo ndipo wakaagiza kipande kizima kichapwe kwa mtindo huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaongezwa majina, yaani yale maneno ya mafumbo, na sifa hiyo hupewa sana Kaderdina.

Umeona mpango wake? Kiwanda kiko mbali, lakini akili imetoka kwa mvaaji. Na mama akiona mchoro umepitwa na wakati, hanunui; mali inamdodea mwenye duka. Huo ndio ubunifu ninaouzungumzia mimi. Si lazima uwe wa kwanza duniani. Ni kuitazama shida ya mtu au hamu yake, kisha ukamletea jibu analoweza kulilipia. Nitaipima Tecno kwa kipimo hicho cha leso.

Tecno ni mali ya kampuni ya Transsion ya mji wa Shenzhen, Uchina. Ilianzishwa mwaka 2006 na Bwana Zhu Zhaojiang, ambaye hapo awali alikuwa akiuza ng'ambo simu za kampuni nyingine ya Kichina iitwayo Bird. Itel na Infinix pia ni zake. Kwa hivyo wewe unayejigamba na Infinix yako ukimcheka mwenye itel, jua nyote mmepakuliwa chungu kimoja! Mwaka 2008 kampuni hiyo iliamua kuelekeza nguvu zake Afrika, wakati ambapo makampuni mengi makubwa yalituona sisi kama watu wa kuuziwa makombo.

Hebu turudi nyuma tuitazame Kenya ya mwaka 2008, maana wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Mwisho wa mwaka huo kulikuwa na mitandao minne: Safaricom, Zain ambayo leo ni Airtel, Orange na yu. Kupiga simu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kulikuwa ghali. Isitoshe, M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, na mtu hakutaka kuiacha laini yenye pesa zake. Basi watu walifanyaje? Walitembea na laini mbili tatu ndani ya pochi. Akitaka kumpigia shangazi wa mtandao ule, afungue simu mgongo, atoe betri, achomoe kadi, atie nyingine, asubiri iwake. Akimaliza arudie tena. Na ole wake kile kikadi kimponyoke kitumbukie mtaroni!

Tecno waliliona jambo hili. Simu ya laini mbili hawakuivumbua wao, na katika hilo wasijitie kifua mbele. Lakini waliileta Afrika mapema, tangu mwaka 2007, na kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuimudu. Wakubwa wa wakati ule walichelewa kulijibu hitaji hili. Kwao mtu mmoja alikuwa na laini moja, ndivyo mambo yalivyokuwa katika nchi zao. Hata tume ya mawasiliano ilipopunguza malipo baina ya mitandao kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika mnamo Agosti 2010, na gharama za simu zikaporomoka, laini mbili hazikutupwa. Hadi leo mtu ana laini ya pesa na laini ya bando. Ubunifu wa kweli hudumu hata shida iliyouzaa ikipungua.

Serikali nayo ilisaidia bila kukusudia. Mwaka 2009 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu za mkono, ingawa iliirudisha mwaka 2013. Kisha, ilipofika mwisho wa Septemba 2012, simu bandia zipatazo milioni 1.9 zilizimwa nchini kwa usiku mmoja. Lo! Kilikuwa kilio. Watu waliokuwa na zile simu zilizoandikwa majina ya kufanana na ya makampuni makubwa waliamka wameshika vipande vya plastiki. Hapo ndipo simu halali ya bei nafuu ilipokuwa na thamani yake. Transsion walikuwa nazo tayari, tena na vituo vya kutengenezea vinavyoitwa Carlcare. Hiyo haikuwa bahati tupu. Mvuvi aliyetega mapema ndiye anayekuta samaki maji yakitoka.

Sasa niwaambie lile ambalo mimi naliona ni bora kuliko yote: kamera. Tazama picha za zamani za harusi za usiku katika Mji wa Kale. Bwana harusi kanzu yake nyeupe pe, inang'aa, na uso wake umemezwa na giza, yamebaki macho na meno. Sisi tulizoea kusema, "Picha imeungua," tukadhani ni makosa ya mpiga picha. Kumbe tatizo lilianza mbali. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak huko Marekani ilipimia rangi za filamu kwa picha za wanawake wa Kizungu, na ngozi nyeusi haikutiwa hesabuni. Mafundi wa Transsion walikusanya picha za nyuso za Waafrika, wakaifundisha kamera kuutafuta uso kwa kutumia macho na meno yaleyale, kisha iongeze mwanga pale penye ngozi. Yaani kile kilichokuwa kichekesho wakakigeuza kuwa dira. Hapo mimi nawavulia kofia.

Basi hadi hapo mashtaka yako wapi? Yaja.

Februari 2023 Tecno walipeleka Barcelona, Uhispania, simu yao ya kukunjika inayoitwa Phantom V Fold. Ukiifungua yawa kama kitabu. Ni kazi nzuri ya mikono, sikatai. Lakini Samsung walikuwa wametoa yao ya kukunjika tangu mwaka 2019. Wenzangu wataniuliza: si umesema mwenyewe kwamba si lazima mtu awe wa kwanza? Nimesema, na nashikilia. Tena Mgala muue na haki yake mpe: Tecno waliiuza ya kwao kwa bei ya chini kuliko ya Samsung. Ila chini ya bei ya Samsung bado ni juu ya paa la nyumba zetu. Ni nani hapa kisiwani aliyekuwa akilia usiku kwamba simu yake haikunjiki? Na huyo aliye nayo, ataikunjua wapi? Katikati ya msongamano wa feri ya Likoni? Labda awe ameichoka. Laini mbili lilikuwa jibu la swali letu. Simu ya kukunjika ni jibu la swali walilouliza Samsung.

Kuna shtaka la pili, na hili ni zito. Agosti 2020 ilitangazwa na wachunguzi kwamba baadhi ya simu za Tecno W2, zilizouzwa katika nchi za Afrika zikiwemo Ethiopia, Ghana, Kamerun na Afrika Kusini, zilikuwa na programu za siri zilizotiwa kabla simu haijafika dukani. Programu hizo ziliwaandikisha watu katika huduma wasizoziomba na kuwala kredi yao polepole. Kampuni ilijitetea kwamba aliyezitia ni mmoja wa wauzaji waliohusika na utengenezaji, na kwamba yenyewe haikupata faida yoyote. Sina sababu ya kubishana nayo. Lakini tufikiri pamoja: anayenunua simu ya bei ya chini kabisa ndiye ambaye kredi yake ya shilingi ishirini ina maana. Ukiwa umemtazama mteja huyu kwa makini hadi ukajua meno yake yanavyong'aa gizani, je, hukuweza kumlinda mfuko wake? Kumlinda mteja nako ni ubunifu, tena unaohitaji akili nyingi, ijapokuwa hauonekani kwenye bango la matangazo.

Shtaka la tatu si la Tecno peke yao, ni la watengenezaji wa simu kwa jumla. Zamani betri ikichoka ulifungua mfuniko kwa ukucha, ukatia nyingine. Leo simu imegundishwa kwa gundi kama jeneza. Na sisi wa kisiwani tuna adui ambaye watu wa bara hawamjui: hewa ya chumvi. Baiskeli yashika kutu, mabati yashika kutu, hata komeo za milango. Simu itapona? Tazama mafundi wa simu katikati ya mji, wameinama juu ya vimeza vyao, bisibisi moja na mswaki wa meno uliochovywa katika spiriti, wakisugua kutu ya kijani kwenye tundu la chaji. Hao hawajaenda Shenzhen, lakini kila siku wanalibuni lile ambalo kiwanda kilisahau. Wangepewa vipuri halali kwa bei nzuri na maelezo ya jinsi simu inavyofunguka, simu moja ingehudumu nyumba nzima: kutoka kwa baba, ikaja kwa mama, ikamalizikia kwa kitinda mimba.

Mtu atasema, "Hayo ni ndoto, biashara haiendi hivyo." Si ndoto! Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia katika soko la nchi za Umoja wa Ulaya lazima zitimize masharti. Vipuri muhimu vipatikane kwa miaka saba baada ya aina hiyo ya simu kuacha kuuzwa. Masasisho ya programu yatolewe kwa angalau miaka mitano. Betri iwe bado na asilimia 80 ya nguvu zake baada ya kuchajiwa mara 800. Wazungu wale hawakupewa haya kwa ukarimu, waliyadai kisheria. Nasi ambao kubadilisha simu ni gharama ya kuumiza, ndio tulio na haja zaidi ya simu ya kudumu.

Kwa haki, lazima niseme kwamba si kila uzito ni wa kampuni. Mwaka 2022 serikali yetu iliongeza ushuru wa asilimia 10 kwa simu zinazoagizwa kutoka nje, juu ya kodi nyingine zilizokuwepo. Huwezi kumfunga mtu jiwe mguuni kisha ukamlaumu kwa kutokimbia. Na pia si kweli kwamba Tecno imelala kabisa. Betri za kukaa muda mrefu, spika za sauti kubwa na bei ya kuanzia ambayo mwenye kibanda anaimudu, yote hayo bado wanayo, na majirani zao katika soko wanaona tabu kuwafikia.

Lakini wasikilize na kisa cha Nokia. Kampuni hiyo ya Ufini nayo ilitutazama wakati mmoja. Mwaka 2003 ilitoa Nokia 1100, yenye kibodi iliyozibwa vumbi lisiingie, na tochi kichwani. Hizo simu za tochi ndizo watu waliozibatiza "mulika mwizi". Zaidi ya simu milioni 200 za aina hiyo ziliuzwa duniani. Nani angethubutu kusema wakati ule kwamba Nokia itaanguka? Hata hivyo ilipofika mwaka 2014, biashara yake ya simu ilikuwa imeuzwa kwa Microsoft. Wahenga walisema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Sifa ya laini mbili na ya kamera ni chakula cha jana. Tecno hawawezi kukaa mezani wakitafuna mifupa yake.

Mimi nikiulizwa Tecno wabuni nini sasa, nina matatu tu. La kwanza, simu inayofunguka, ambayo fundi wa Mwembe Tayari aweza kuitia betri mpya bila kuvunja kioo, na iliyokingwa dhidi ya chumvi ya bahari. La pili, ahadi ya masasisho iandikwe kwenye boksi kwa herufi kubwa: simu hii italindwa hadi mwaka fulani. Mnunuzi ajue anachonunua, kama vile ajuavyo tarehe ya mwisho ya maziwa. La tatu, na hili sisi wa Chama cha Kiswahili tulipigie kelele, ni lugha. Simu nyingi leo ukiandika Kiswahili zinakupigia mstari mwekundu chini ya kila neno, utadhani umekosea mtihani, au zinakupachikia neno la Kiingereza ambalo hukulitaka. Kampuni iliyojifunza uso wa Mwafrika haiwezi kushindwa kujifunza maneno yake. Bibi asiyejua kusoma angependa aiambie simu kwa Kimvita chake, "Nipigia Mwanaisha," nayo imwelewe asemavyo, si lazima aseme kama mtangazaji wa redio. Atakayelifanya hilo vizuri na kwa bei ya chini, huyo atakuwa amebuni kitu kikubwa kuliko simu ya kukunjika mara kumi.

Nasi wanunuzi tuna sehemu yetu. Makampuni hutazama pale ambapo pesa zinatazama. Tukiendelea kuuliza dukani, "Ina kamera ngapi?" tutaletewa kamera sita, na mbili zikiwa ni pambo. Tuanze kuuliza, "Italindwa miaka mingapi? Kipuri chapatikana wapi? Yajua Kiswahili?" Muuzaji akikosa jibu mara kumi, ataliuliza kwa aliyemletea, na yule ataliuliza kwa aliyemletea yeye, hadi swali lifike Shenzhen. Msidhani ni mbali. Mama zetu waliivusha bahari sauti yao kwa kuikataa leso tu, enzi ambazo barua ilisafiri kwa meli.

Kwa hivyo hukumu yangu ni hii: Tecno haijafa, wala haijalala. Imegeuza shingo. Na anayeweza kuigeuza tena ni yule mwenye noti mkononi mbele ya kabati la kioo la duka. Asiyekubaliana nami na ajibu katika toleo lijalo. Nitamsoma kwa hamu, naye ajitayarishe.

Mwanachama, Kidato cha Nne.